Mstari wa Chokaa wa Mama Kine

Yule mama mimi simpendi, na afadhali niseme mapema, ili anayetaka habari za bibi mwema atafute kwingine. Kenya nzima, mtaa huu wa Lubumbashi na si ile nchi, inampenda. Shuka sokoni uulize nyumba ya Mama Kine, watu watagombania kukupeleka. Jina lake la kweli silijui hadi leo. Kine ndivyo tunavyowaita hapa Lubumbashi wale watu wa hospitali wanaonyoosha viungo na kumfundisha aliyevunjika mguu kutembea upya. Yeye jina hilo alilivaa pamoja na koti lake jeupe, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kumwuliza alisomea wapi.

Ninaandika habari zake kwa sababu ya binti yangu Salima. Salima ana miaka minne na magoti yake yanagusana. Akisimama, magoti yanakutana, nyayo zinabaki mbalimbali. Miguu ya X, tunasema sisi. Mama mkwe wangu anakaa Kenya, mlango wa pili kutoka kwa Mama Kine, na tangu mwaka jana hana wimbo mwingine. "Umulete tu siku ya posho," ananiambia. Posho ndiyo Jumamosi yetu. "Mama Kine amushike, iishe." Nami nasema hapana. Mume wangu anasema nina kinyongo. Ninacho! Nimekilea mwenyewe, kimekua, kina na meno. Mtoto wangu hatasimama kwenye ule mstari maadamu mimi ni mzima.

Mstari wenyewe ni wa chokaa. Kila posho asubuhi, Mama Kine alikuwa anafagia lupango yake, yaani kiwanja cha nyumba na ukuta wake kama tunavyokaa wote huku, kisha anamwaga chokaa kutoka kopo la maziwa, mstari mmoja mnyoofu kutoka mlango wa jikoni mpaka ukutani. Akina mama wanakaa kwenye mabenchi, watoto wamevuliwa viatu. Mtoto anaitwa, anasimama mwanzo wa mstari, magoti pamoja. Mama Kine anainama na kuingiza vidole kati ya vifundo vya miguu kupima uwazi. Kidole kimoja, viwili, vitatu, anatangaza kwa sauti kama mtu wa mnada. Halafu mtoto anatembea juu ya chokaa hadi mwisho, na watu wote wanatazama alivyokanyaga.

Baada ya hapo ni ushuhuda, kama kanisani. Mama ambaye mtoto wake amenyooka anasimama, anaeleza alimleta akiwa vipi, siku ngapi alilia, na sasa muone. Mtoto anatembea, magoti kweli yameachana, vigelegele, wimbo. Hata Waislamu kama sisi tuliimba. Baba yangu, fundi cherehani aliyetoka Maniema, alikuwa anacheka akisikia, anasema mke wake ameanza kusali posho na Ijumaa pia.

Mimi nilipelekwa pale nina miaka kumi na miwili, tayari msichana, kifua kinaanza. Alipoinama kunipima, vidole havikutosha. Akakunja mkono, akaingiza ngumi nzima, ikapita. "Ngumi!" akatangaza. Mabenchi yakasema eee! kwa pamoja. Tangu asubuhi ile jina langu lilikuwa Iks, yaani ile herufi X. Iks akuje. Iks amechelewa. Watoto wa mtaani walilichukua, wakalipeleka shuleni, na shuleni nililikuta limeshafika kabla yangu.

Alikuwa na mikono miwili tofauti, wallahi. Kwa watoto wachanga mkono wake ulikuwa laini. Anapaka mafuta ya mawese, anakanda paja polepole, anaongea na mtoto kwa sauti ya chini, na mtoto anayelia tangu nyumbani ananyamaza mapajani mwake. Nimeona hayo kwa macho yangu, siwezi kusema sikuona. Lakini sisi wakubwa, na tulikuwa wachache, alitushika kama mtu anayenunua mbuzi. Anageuza viatu vyako juu chini mbele ya watu. "Muangalie," anasema, "kisigino inalala ndani." Na kweli kisigino kililiwa upande wa ndani, kama vile ndani ya suruali zangu kulivyochanika magotini kwa kusuguana. Hilo nililijua. Sikuhitaji lupango nzima ilijue.

Kazi aliyotupa ilikuwa hii. Alikata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akaufunga uwe duara, tunauvaa juu ya magoti, tunatembea upande upande kama kaa, mpira unavuta magoti ndani na sisi tunayasukuma nje. Tulilala ubavu, visigino vimegusana, tunafungua goti la juu kama mlango na kulifunga. Tuliinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, na hapo ndipo alipokuwa anapiga kelele yake: "Magoti isisalimiane! Isisalimiane!" Yangu yalisalimiana. Kila nikiinuka yalikimbiliana kama ndugu waliopoteana, naye ananichapa pajani na mpira ule ule.

Usiku ilikuwa mto katikati ya magoti na kitambaa cha kikwembe, yaani kitenge, kimefungwa vifundoni. Jaribu kulala hivyo wakati wa joto la mwezi wa kumi. Nilikuwa nafungua kitambaa, mama yangu anaamka na kukifunga tena, na asubuhi ananishtaki kwa Mama Kine kama vile nimeiba. Hapo ndipo nilipopata uchungu ambao haujaniondoka. Mama yangu mzazi aliniona nikijivuta na ule mpira asubuhi na jioni, nyuma ya nyumba, jasho linanitoka, na bado Mama Kine aliposema "huyu hatumikake, iko muvivu," kwamba sifanyi kazi, mama yangu alitikisa kichwa kumkubalia yeye.

Muvivu. Neno hilo alilirudia mbele ya kila mama mgeni. Ananisimamisha kwenye chokaa, anapima ngumi yake, anawageukia: "Munaona? Mpira njo ule ule, mustari njo ule ule. Baloko bananyooka. Huyu hapana. Juu ya nini? Hatumikake." Halafu ananirudisha kwenye benchi na kuita mmoja wa hao baloko, wadogo, aliyenyooka aje atembee baada yangu, makofi yapigwe vizuri. Nilikuwa chumvi ya ule ushuhuda.

Nisije nikaambiwa nimeficha mema yake, na hili nalo liandikwe. Siku moja aliletwa mvulana ambaye mguu mmoja tu ndio ulioingia ndani, mwingine uko sawa, na goti la ule mbaya lilikuwa na moto. Mama Kine alimgusa mara moja, akasimama. Hakupima. Hakutaka hata atembee. Alimwambia yule mama, "Huyu haiko wa hapa. Mguu moja, na kuumia: hospitali, leo." Mama wa watu akaanza kusema habari za Jumatatu. Mama Kine akavua koti lake jeupe, akalitundika mlangoni, akambeba mtoto mgongoni, wakaenda pamoja, sisi tukaachwa na chokaa yetu. Mvulana yule alipona. Watu wa Kenya wanasimulia habari hiyo kila wakinisikia nalalamika, na mimi huwajibu kwamba mtu anayejua kutofautisha mguu na mguu hana kisingizio.

Alipenda chai yenye sukari ya kushikana na kijiko. Alikuwa anapiga pasi koti lake kwa pasi ya makaa hata siku ambazo hana mgonjwa. Hakuvaa sketi ndefu kamwe, na nadhani ni kwa makusudi, maana miguu yake mwenyewe, nikubali tu, ilikuwa minyoofu na mizuri, na alikuwa anasimama ili tuione. Mtoto akimpenda anamwita "dokta wangu". Mtu akimwita "infirmière", muuguzi kwa Kifaransa, hakatai. Akiulizwa alifanya kazi gani hospitalini miaka yake yote, anasema tu, "Nilikuwa ku kine," na anapuliza chai yake.

Nilikoma kwenda nilipofikisha miaka kumi na sita, kwa kukataa kutoka kitandani, basi. Siku ya harusi yangu alikuja, sijui nani alimwalika. Alinizunguka akitazama pindo la gauni, gauni nililojishonea mwenyewe, kazi ya baba yangu ndiyo kazi yangu. "Robe murefu," alisema, na wakwe wanasikia. "Iko muzuri. Inafunika." Nililia chooni, nikapaka wanja upya, nikarudi kucheza. Mama mkwe wangu alimpa soda ya pili.

Ukweli niliupata kwa daktari wa mifupa, mwaka nilipokuwa na mimba ya Salima, maana uzito ulipoongezeka magoti yalianza kuniuma hata kukanyaga cherehani ikawa shida. Daktari alinieleza kwa upole kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Watoto wengi kuanzia miaka miwili au mitatu magoti yao yanaingia ndani, na yakishaingia yanatoka yenyewe. Wakifika miaka saba au nane wengi wamenyooka, umefanya mazoezi au hukufanya. Ila ukiona mguu mmoja tu, au maumivu, au hali inazidi badala ya kupungua, au mtoto ameshapita umri huo na bado, hapo usikae nyumbani. Kwa kama mimi, alisema, mazoezi hayapindui mfupa, lakini yanatia nguvu nyonga na mapaja, goti linabeba mzigo wake vizuri, maumivu yanapungua. Kwa msichana wa miaka kumi na miwili kulikuwa na la kufanya, mifupa ikiwa bado inakua. Kulikuwa na la kufanya! Nilimwomba alirudie.

Nilirudi Makomeno ninakokaa, kwa miguu, nikiwaza mabenchi yale. Mmoja mmoja niliwakumbuka walioshuhudia. Wote waliletwa wakiwa wa miaka mitatu, minne, mitano. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na meno ya ukubwani. Yule mama alikuwa anapigiwa makofi kwa kazi inayofanywa na kukua tu, kama mtu anayesimama shambani mwezi wa kumi na mbili na kudai yeye ndiye aliyeleta mvua. Na mimi ambaye nilihitaji kupelekwa kwa daktari, nilikalishwa pale kama mfano wa uvivu mpaka mifupa ikafunga.

Linaloniudhi kuliko yote ni kwamba kila asubuhi, kabla ya kufungua cherehani, ninavaa mpira juu ya magoti na kutembea upande upande. Daktari alinipa mazoezi, na alipoanza kunionyesha nilimmalizia. Kaa, mlango, kigoda. Ni yale yale. Yananisaidia, maumivu yamepungua sana. Na nikiinuka kwenye kigoda ni sauti yake ninayoisikia, magoti isisalimiane, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Basi posho iliyopita nilikuwa na magauni ya wasimamizi wa harusi ya kumaliza, nikampeleka Salima kwa nkambo yake, mama mkwe wangu, kama kawaida, na kama kawaida nikamwambia, "Mama, kule hapana." Akanijibu, "Bien, nilisikia." Mchana nilipomfuata, nyumba ilikuwa imefungwa. Viatu vya Salima vilikuwa mlangoni. Sikuuliza mtu. Nilisikia wimbo ng'ambo ya ukuta.

Mabenchi yalikuwa yamejaa. Mama mkwe wangu alikuwa wa mbele, mtandio wake mzuri kichwani, na kwenye chokaa alisimama mwanangu, peku, gauni limekunjwa mpaka mapajani, magoti pamoja. Mama Kine amezeeka jamani. Alikuwa amekaa kwenye kiti kwa sababu kuinama hawezi tena, macho yake yameingia ukungu, koti limekuwa la rangi ya chai. Lakini vidole vilikuwa palepale, kati ya vifundo vya mtoto wangu.

"Njo Iks ule," alisema kabla sijafungua mdomo. Hakuinua hata uso. "Nasikia kikwembe yake vile inasugua."

Nilimvuta Salima kwangu. Niliinama karibu na sikio la Mama Kine, maana pamoja na hasira zote bado nilishindwa kumpigia kelele mtu mzima mbele ya watu, na nikamwambia lile nililolibeba tangu kwa daktari.

"Mama, unitajie mukubwa moja tu mwenye ulinyoosha. Mwenye alipita miaka saba. Moja tu, naenda zangu."

Nilitegemea aruke. Hakuruka. Alifuta vidole vyake kwenye koti.

"Hakuna," alisema, kwa sauti ndogo ya wale wachanga. "Baloko banajinyooshaka benyewe. Ku hospitali bote balikuwa banajua ile."

"Na juu ya nini haukusema?"

"Nilisema! Mwanzo nilisema. Nilibaambia bamama, mungoje, mutoto atakomaa. Unajua balienda wapi? Balienda kwa ule muzee mwenye alikuwa anafunga miguu na mbao. Mutoto moja mguu yake ikaoza, mi mwenyewe nilimuona ku hospitali. Njo nikaanza mustari. Mama ukimupatia kazi ya kufanya, anangoja. Ukimwambia angoje, hangoji."

Nilitaka kukasirika na nikakuta sina pa kushika. Nikauliza lililobaki, na sauti iliyotoka ilikuwa ya yule msichana wa miaka kumi na miwili.

"Na mimi?"

"Weye ulikuwa mukubwa. Sikujua nikufanye nini. Na bamama balikuwa banakuangalia. Ingeonekana mpira haikukusaidia weye, bangesema haisaidie mutoto hata moja, bangerudia kwa ule wa mbao. Ilibidi kitu kimoja kikuwe kibaya. Ao mpira, ao weye." Akatafuta kikombe chake kwa mkono, akakipata. "Nilichagua weye."

"Uniombe pardon."

"Ya nini? Zunguka mu Kenya, uangalie miguu ya bantu, halafu urudi."

Mungu anajua nilivyomchukia pale. Nilisimama wima, nikawageukia wale akina mama. Kama yeye hasemi, nitasema mimi. Niliwaambia wazi, kwa sauti, kwamba watoto hawa wadogo wananyooka wenyewe, kwamba daktari ndiye aliyeniambia, kwamba mwenye mguu mmoja mbaya au maumivu aende hospitali, mwenye mtoto mkubwa aende hospitali, wengine warudi nyumbani wakapike, chokaa hii haina kitu. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu.

Walinisikiliza vizuri. Kisha macho yao yakashuka, benchi la kwanza, la pili, la nyuma, yakafika chini ya kikwembe changu yakakaa hapo. Mama mmoja kijana, ana mtoto mapajani, aliniuliza bila ubaya wowote, alitaka tu kujua:

"Na yako, mama, haikunyooka juu ya nini?"

Mama Kine alikunywa chai, akaweka kikombe chini. "Mwingine akuje," alisema.

Nilitoka na Salima mkononi. Njia ya kwenda mlangoni ilipita kwenye chokaa na sikuikwepa, nikaikanyaga yote, na kila mtu alitazama ninavyokanyaga. Mama mkwe wangu alinifuata mpaka mlangoni kwake, viatu vilipokuwa. Hakuniomba radhi, alikuwa ametulia kabisa, anamfunga Salima viatu.

"Kasirika tu," alisema. "Alishamushika. Utaona."

Kwenye teksi Salima aliniuliza kama alisimama vizuri, na kama tutarudi. Nilimwambia alisimama vizuri sana, na kwamba haturudi. Nilimwekea mkono magotini, joto, yamegusana. Yatanyooka, najua, miaka miwili mitatu tu. Na posho moja mama mkwe wangu atavaa kikwembe kipya, asimame mbele ya mabenchi yale aeleze mtoto alikuwaje, nao wataimba.